Madaftari ya Mama Pasi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za moyo, wewe na shemeji na hao wajukuu wanaokufanya useme umechoka huku ukiwavuta wakae karibu. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia limekubali kupanda ngazi, lakini nakujua, ukisema linauma kidogo tu basi umelala siku mbili. Mimi huku ni mzima. Miwani tu ndiyo nimeikalia tena, ya tatu mwaka huu, na hii ninayoandikia imebaki na mkono mmoja. Wifi yako amesema safari inayofuata ataifunga kwa kamba shingoni mwangu kama mtoto wa chekechea. Usicheke sana.

Najua utashangaa kupokea barua ya mkono, tena nene hivi, wakati simu ipo. Nimekupigia mara mbili wiki hii na mara zote nimeishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Kuna jambo linalokuhusu ambalo nimeshindwa kulitamka miaka mingi, na kwenye simu ningekimbia tena. Kwa hiyo kaa chini, weka goti juu ya kigoda, usome kwa mpangilio. Tafadhali usirukie ukurasa wa mwisho kama unavyofanya na hadithi.

Unajua kwamba miaka miwili hii nimekuwa nikiandika kitabu juu ya yule mtawa waliyemwita Mama Pasi. Nimekupigia kelele naye mpaka shemeji akawa ananiuliza kwa utani lini tutafunga ndoa. Kwa ufupi tu nikukumbushe: mama yule alipiga pasi vitambaa vya altare na mavazi ya mapadre kwa miaka arobaini, katika chumba kimoja, kwenye meza moja ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka juu yake. Alikuwa na pasi mbili za mkaa, moja mkononi, nyingine ikikolea moto. Katika chumba kile watawa hawazungumzi mpaka saa sita mchana. Hakuhubiri, hakufundisha, hakuongoza mafungo ya mtu yeyote. Watu waliokuwa na shida walikuwa wakiacha barua zao getini, anapelekewa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujibiwa. Hata hivyo waliendelea kuleta.

Alipofariki, miaka minne iliyopita, walikuta madaftari ishirini na matatu ya shule chini ya mashuka yaliyokunjwa. Wenzake walishangaa, maana hakuna aliyejua kwamba anaandika. Ndipo Mama Mkuu wa nyumba ile akaniita, kwa kuwa nina jina la kuandika vitabu vya sala, akaniomba nieleze maisha na mawazo ya mtawa huyo. Sista anayetunza kumbukumbu, ambaye ni mgeni katika nyumba ile, alinipa madaftari kumi na manne yaliyopigwa chapa vizuri. Yaliyobaki, akasema, hajamaliza kuyachapa, lakini ni yale yale. Nami kwa uvivu wangu nikaridhika. Hilo naliungama kwanza.

Dada, maneno ya madaftari yale yalinitikisa. Nilitarajia utulivu, nikakuta mtu anayeungua. Ukurasa mmoja unasema: nimechoka kuomba, mbingu ni ya bati. Mwingine unasema: nimempoteza mwanangu na watu wananiambia nishukuru. Mwingine: mume wangu hanisemeshi tangu nilipouza cherehani. Mimi, kwa elimu yangu yote, nikajua mara moja maana yake. Mwana aliyempoteza ni imani yake ya utotoni. Mume asiyemsemesha ni Kristo mwenyewe, kwa kuwa watawa humwita Bwana harusi. Juu ya cherehani peke yake niliandika kurasa nane, nikieleza jinsi roho inavyoachana na kazi za mikono ili ibaki mikono mitupu mbele ya Mungu. Kurasa nane, dada! Ningekuwa na aibu kidogo ningeandika tatu.

Sura ile ndiyo iliyokuwa moyo wa kitabu. Nilisema humo kwamba mwanamke huyu aliishi gizani miaka thelathini, asiamini hata neno moja, na kwamba hapo ndipo ukubwa wake ulipo, kwa sababu alinyoosha vitambaa vya Mungu asiyemsikia. Mhariri wangu, ambaye hasifii mtu bure, alinipigia simu akasema amesoma sura hiyo mara mbili.

Sasa nikwambie jambo dogo kati ya mawili niliyo nayo. Niliipenda sura ile kwa sababu ilinipa pa kujificha. Tangu Mama alipotutoka, mwaka wa kumi na moja sasa, sijasali. Naandika sala, naam. Vitabu vitatu nimetoa tangu wakati huo, na watu wananisimamisha njiani kunishukuru. Lakini nikibaki peke yangu nikafumba macho, ni kama mtu aliyesimama mbele ya nyumba aliyohama. Wifi yako alidhani mimi ni mtu wa kusali kimya kimya, na mimi nikamwacha adhani hivyo. Kumbe kulikuwa na ukimya tu. Basi nilipomkuta Mama Pasi naye hana kitu, nilifarijika kupita kiasi. Nikajiambia, kama mtakatifu aliishi hivi, hata mimi nitafika.

Kitabu kilikuwa kimebakiza wiki tatu kwenda kiwandani wakati mhariri alipotaka picha ya ukurasa mmoja wenye mwandiko wa mama mwenyewe. Nikafunga safari. Sista wa kumbukumbu akanikaribisha kwenye chumba cha pasi, kwa kuwa ndicho chenye dirisha kubwa, akaniwekea madaftari yote ishirini na matatu mezani. Ile shuka ya meza ina alama za kuungua kila upande. Nikafungua daftari la nne, pale penye cherehani, nikaandaa simu yangu nipige picha.

Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu ya risasi, palikuwa na maneno ambayo sikuwahi kuyaona kwenye nakala yangu. Yalisema: waanze na salamu za asubuhi. Nikafungua pengine, pale penye mbingu ya bati. Pembeni: ale kwanza. Kwenye mwana aliyepotea: atafutiwe mtu wa kukaa naye, asihubiriwe. Ukurasa mwingine: aende kwa daktari, huu si ushetani. Na mwingine: huyu anadanganya kidogo, lakini ana njaa ya kweli.

Nilimwuliza Sista wa kumbukumbu maneno yale ni ya nini. Akaniambia kwa ukarimu kabisa kwamba alidhani ni mambo ya jikoni na ya zahanati ya nyumba, nani ale saa ngapi, nani apelekwe kwa daktari, akaona hayana uzito wa kuwekwa kwenye kitabu cha kiroho. Hapo ndipo mtu akacheka nyuma yetu.

Alikuwa mtawa mzee aliyepiga pasi na Mama Pasi miaka ishirini na sita, upande wa pili wa meza ile ile. Nilikuwa nimempita mara nyingi nikienda ofisini kwa Mama Mkuu, nikimsalimu na kuendelea na safari yangu. Alisema kwamba yale maandishi makubwa si ya Mama Pasi hata kidogo. Ni barua za watu. Kila barua iliyoletwa getini aliinakili kwenye daftari wakati pasi ikikolea, neno kwa neno, isipokuwa majina na mahali. Kisha ile barua yenyewe aliitia ndani ya pasi, pamoja na mkaa, ili siri ya mtu isije ikaokotwa. Kunakili ndiko kulikokuwa kusali kwake. Mama Pasi alikuwa akimwambia kwamba hajui kumwombea mtu kwa mbali, akimwita fulani na fulani. Anaweza tu kukaa mahali pa mtu huyo na kusema mimi. Maneno yake mwenyewe ni yale ya pembeni, baada ya kukaa pale muda wa kutosha.

Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kulisema jambo hilo. Akanitazama kama vile nimeuliza maji yana rangi gani, akasema hakuna aliyemwuliza. Kisha akataka kujua kama ni kweli nimeandika kwamba yule mume wa cherehani ni Bwana wetu. Nikamwambia ni kweli. Dada, mzee yule alicheka mpaka akashika meza. Alimkumbuka yule mwanamke aliyeleta barua, alimkumbuka hata mume mwenyewe, mtu mmoja mnene mwenye kununa. Walikuja kushukuru baada ya miezi miwili, wameshapatana.

Sikucheka siku ile. Kwanza kitabu changu kilikuwa kimekufa mikononi mwangu, wiki tatu kabla ya kuzaliwa. Lakini lililonichoma zaidi ni jingine. Mwenzangu wa gizani hakuwepo. Mama yule alikuwa akisali muda wote, tena kila siku, kwa mikono yake, na mimi ndiye niliyebaki peke yangu bila kitu. Nikaomba niachwe nisome madaftari tisa yaliyobaki. Sikuwa na sababu ya maana. Niliogopa tu kutoka nje na kumpigia mhariri.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa kuwa nafika kwako.

Kuna kitu sikuwahi kumwambia mtu, hata wifi yako. Wiki tatu baada ya kumzika Mama, mimi pia nilikwenda kwenye geti lile. Wakati huo nilikuwa nimesikia tu jina la Mama Pasi kwa watu. Nikaacha barua, bila jina, bila anwani, nikaondoka haraka kama mwizi. Na nilipokuja kupewa kazi ya kitabu, miaka mingi baadaye, nilijiambia kwamba barua ile ilishapotea zamani. Kwa hiyo kati ya watu wote, mimi ndiye niliyepaswa kujua barua za watu zilikwenda wapi.

Niliikuta kwenye daftari la kumi na tano. Maneno yangu, kwa mwandiko wake wa duara, kila herufi imeandikwa kwa bidii. Nilisoma sentensi ya kwanza mara mbili. Nikageuza kurasa, nikaikuta tena. Yule mtawa mzee alinieleza kwamba Mama Pasi alikuwa na desturi: mtu akirudi na habari njema au hata mbaya, barua yake inapumzika. Asiporudi, inanakiliwa tena kila Ijumaa. Mimi sikurudi. Iko kwenye daftari la kumi na sita, la kumi na saba, la kumi na nane, mpaka la ishirini na tatu. Mwandiko unaanza kutetemeka, kisha unakuwa mkubwa kama wa mtoto, na mwishoni hakuweza tena kuandika yote. Kwenye ukurasa wa mwisho kabisa kuna sentensi yangu moja tu, ile ya kwanza, na pembeni maneno yale yale aliyoyaandika kila mara kwa miaka saba.

Sentensi yangu ilisema: mama yangu aliniomba nisali naye, na mimi sikuweza, kisha nikamdanganya dada.

Ndiyo, dada. Hilo ndilo jambo lenyewe. Ile sala uliyoniuliza siku ile kwenye simu, ile uliyoiandika kwa mkono wako ukaibandika ndani ya mlango wa kabati, ile unayosali na wajukuu kabla hawajalala, Mama hakuisikia. Niliitunga nikiwa nimesimama kwenye korido ya wodi, simu sikioni, baada ya yeye kukata roho.

Ilikuwa hivi. Wewe ulikuwa umeondoka asubuhi kwenda kuwatazama watoto, mimi nikashika zamu. Ilipofika kama saa nane mchana Mama alifumbua macho akaniambia nisali, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa vitabu. Nikamshika mkono. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilitafuta hata Baba Yetu, na hata hiyo haikuja. Mama alisubiri, unamjua alivyokuwa akisubiri, bila kukukodolea macho. Kisha akasema maneno ambayo nimekaa nayo miaka kumi na moja, na ambayo hayakuwa yangu kukaa nayo. Aliniambia nisihangaike. Alisema: dada yako alishasali asubuhi, alipokuwa ananichana nywele, na hiyo inanitosha, niko sawa. Akaniomba nisogeze pazia kidogo kwa kuwa jua lilikuwa linampiga usoni. Hakusema neno jingine. Haikupita nusu saa.

Nilipokupigia, swali lako la kwanza lilikuwa kama nimesali naye. Ningeweza kukuambia ukweli wakati ule ule. Lakini ningekuambia maneno ya Mama, ningelazimika kukuambia kwa nini aliyasema, na mimi nilikuwa mtu wa vitabu. Nikasema ndiyo, nimesali. Ukataka kujua nimesema nini. Nikatunga. Nilitunga vizuri, hiyo ndiyo kazi yangu. Nawe ukalia, ukasema afadhali nilikuwepo mimi, kuliko wewe usiyejua kusema na Mungu.

Hayo uliyasema, dada. Huenda umesahau, mimi sijasahau. Na tangu siku hiyo, kila tunapokutana mezani unanipisha mimi nisali, unasema wewe ni mtu wa sufuria. Nami nakubali kupishwa. Nimekuibia mbele ya macho yako kila Krismasi.

Mama Pasi aliandika pembeni mwa barua yangu, ambamo nilikuwa nimeyataja hata maneno hayo ya Mama: amwambie dada yake, ni mali ya dada. Hakuandika nitubu. Hakuandika habari ya imani yangu, wala giza langu ambalo nilikuwa tayari kulifanyia sura nzima. Alikaa mahali pangu miaka saba, kila Ijumaa, akisema mimi badala ya mimi, na hicho ndicho alichokiona.

Nililia pale kwenye meza ya pasi kama mtoto. Sikulia kwa huzuni, nisikudanganye tena. Ilikuwa nafuu, kama mtu akivuliwa kiatu kinachombana. Miaka yote niliyodhani nyumba yangu haina sala hata moja, sala yangu ilikuwa ikisaliwa, tena kwa maneno yangu mwenyewe, na mtu aliyekuwa na vidole vilivyoungua. Yule mzee alinisogezea kitambaa cha kufutia uso, kisha akaniambia nisikitumie upande wa kushoto, kimepigwa wanga.

Kuhusu kitabu, nimekisimamisha. Mhariri alinifokea dakika nzima, halafu akaniuliza hayo maneno ya pembeni ni mangapi. Amenipa miezi minne. Kitakuwa chembamba sana. Naandika tu juu ya mwanamke aliyefikiri kwa maneno matatu matatu, kwa sababu kabla ya kufikiri alikuwa ameshaunguza mkaa mwingi akisikiliza. Sura ya cherehani nimeitia motoni. Wifi yako, niliyekwisha kumwambia yote, amesema hiki ndicho kitabu changu cha kwanza atakachokisoma bila kusinzia.

Sitakuomba unisamehe haraka. Kasirika kwanza, unayo haki. Sala ile ya kabatini ukitaka kuibandua, ibandue. Na wajukuu wakiuliza, waambie mjomba wa mama yao alikuwa mwongo. Ninachotaka ujue ni kimoja tu. Mama hakuondoka na maneno yangu. Aliondoka na yako. Mimi sijui ulisema nini asubuhi ile ukiwa na kitana mkononi, Mama hakuniambia, nami sikuuliza. Kama unayakumbuka, siku ukiwa tayari, niandikie, nikae nayo nijifunze. Na kama umeyasahau, si kitu. Mama aliyasikia.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mmoja mmoja kwa umri wao, na shemeji mwambie ile ndoa na Mama Pasi imevunjika kwa amani. Goti ulikande kwa maji ya moto jioni, usiniambie umesahau. Wifi yako anakusalimu sana na anasema yuko upande wako.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba